Wangapi Wameamka Ijumaa Hii

Majuro, Jumanne jioni

Kaka Telbi mpendwa,

Yokwe, Kaka. Pokea salamu zangu za mikono miwili, wewe na Wifi Mailyn na yule mwanenu ambaye sijawahi kumbeba, ila mashavu yake kwenye picha nimeshayafinya mpaka karatasi imelegea. Mnaendeleaje na baridi? Kikohozi chako cha kiwanda cha kuku kimekuacha? Ulisema mikono inakufa ganzi ukitoka zamu. Naomba uwe unaikanda kwa mafuta ya nazi tuliyokutumia, usiyaweke kabatini kama kumbukumbu. Sisi huku hatujambo. Mama Mdogo Almina ana mafua, lakini hayajamzuia kusema, kwa hiyo nyumba iko vilevile.

Barua hii utakabidhiwa na Bibi Limaro mwenyewe. Nitaiweka chini kabisa ya mkoba wake wa majani ya mkadi, chini ya samaki wakavu na mikeka, pembeni ya chupa nitakayokueleza. Aliponiona naandika aliuliza nakuandikia nini kirefu hivyo, nikamwambia ni habari za shule. Akasema, "Shule gani ya kurasa zote hizo? Au umepata mchumba?" Nikacheka tu. Macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo, na zangu ni ndogo kama mchanga. Aibu niliyozaliwa nayo imeingia mpaka kwenye mwandiko.

Uliniuliza kwenye simu tulimpa dawa gani mpaka akakubali kuja huko. Nikakujibu, "Amekubali tu," kisha nikampa simu Mama Mdogo. Simu ya nyumba hii inasikilizwa na mtaa mzima, na hata bila mtaa nisingeweza kusema. Kwenye karatasi nitajaribu.

Wewe uliondoka kabla figo za Bibi hazijaanza kuchoka. Daktari alituita mimi na Mama Mdogo, akatueleza kwamba kisukari kimezila, na kwamba karibuni damu yake itahitaji kusafishwa kwa mashine, na mashine hiyo visiwa vyetu vyote havina. Akauliza kama tuna mtu Marekani. Tukasema tuna Telbi. Bibi alikuwa ameketi pale pale anaitikia kwa kichwa kila neno, mpole kama yuko kanisani. Tulipofika nyumbani akavua viatu akasema haendi popote.

Mama Mdogo akalia. Akaja mchungaji. Wakaja kina mama wa kanisa na maandazi na maombi, wakaomba, wakala maandazi yao wenyewe, wakaondoka. Jibu la Bibi lilikuwa moja kwa wote: "Figo ni zangu. Shimo si langu."

Shimo lenyewe unalijua, umekula humo. Bwiro ile, mashelisheli yetu ya kuchachushwa shimoni, alikabidhiwa na mama yake, na mama yake alikabidhiwa na wa kwake, na kila msimu mashelisheli mapya yanakandwa pamoja na masalia ya zamani ili uchachu uwe ule ule. Alipohama Arno aliipakata kwenye ndoo njia nzima ya mashua, kapteni akamwambia aiweke chini, naye akamwambia aiweke chini mashua kwanza. Akachimba upya nyuma ya jiko la Mama Mdogo. Sasa aende huko kwenu Springdale, shimo alilishe nani? Mama Mdogo ni mtu wa wali. Akanitazama mimi, akasema, "Huyu anasoma." Hakusema kwa ubaya. Ila iliniingia.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Kilon. Ni mwalimu wa chuoni, aliyesomea Hawaii, na alasiri anawafungulia wanafunzi wa sekondari maabara yake. Anachunguza bakteria wanaochachusha bwiro: anataka wahifadhiwe nje ya shimo, kwa sababu visiwa vingi maji ya chumvi yanaingia ardhini na mashimo yanakufa. Nilijiunga naye kwa sababu mle ndani si lazima kuongea. Bakteria hawakuulizi swali mbele ya darasa. Siku aliyouliza nani kwao bado kuna shimo la zamani, nikainua mkono, na jioni hiyo hiyo alikuwa ameketi kwetu anakula. Bibi alimtazama juu mpaka chini: "Kijana, ndiyo kusema umekwenda Hawaii yote ile ukarudi kuchezea uchachu?" Mwalimu akajibu, "Ndiyo, Mama, na bado sijaujua vizuri." Jibu hilo likampatia konzi moja ya bwiro, imefungwa kwa jani.

Nikueleze tunavyofanya, maana nataka uelewe kilichomo chupani. Wale bakteria tunawazidisha kwenye supu yao maalumu mpaka inakuwa na ukungu. Kisha tunawachanganya na unga wa mwani, unakuwa uji mzito. Uji huo tunautia kwenye bomba la sindano, tunaudondosha tone kwa tone ndani ya maji yenye chumvi ya chokaa. Tone likigusa maji yale linajikaza lenyewe, linakuwa punje ya mviringo, nyeupe, laini, kama jicho la dagaa. Ndani ya kila punje wamelala maelfu kwa maelfu. Mwani ndio nyumba yao. Tulijaza chupa mbili: moja tukaiweka kwenye friji, nyingine kabatini kwenye joto la kawaida, maana Mwalimu alitaka kujua kama wanaweza kusafirishwa hata mahali pasipo na umeme.

Swali lilikuwa hilo tu: watabaki hai wangapi? Huwezi kujua kwa kuitazama punje. Hai na mfu zinafanana. Kwa hiyo kila Jumatano tulichota chache kutoka kila chupa, tukaziyeyusha kwenye maji mengine yanayoulegeza mwani, tukazimua, tukazimua tena, mpaka tukabaki na kitone cha kupaka juu ya sahani ya rojorojo. Sahani zinalala kwenye kabati la joto, na Ijumaa tunahesabu vidoa vyeupe. Kila kidoa ni mmoja aliyeamka akaanzisha ukoo.

Bibi alikuja kuona mara moja. Akainamia chupa, akasema, "Haya mayai ya samaki ndiyo mama yangu?" Jemi, mwanafunzi mwenzangu, akacheka mpaka akatolewa nje. Lakini Bibi hakuwa anatania. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, akafikiri, kisha akatoa sharti lake mbele yetu sote: hao wadogo wakiwa hai mpaka mashelisheli ya msimu ujao yatakapoanza kukomaa, atapanda ndege nao. Wakifa, tumwache afe na walio shimoni. Mama Mdogo alipopata habari alisema huo ni ujinga mtupu. Bibi akamwambia, "Ujinga wangu una sharti moja tu, Almina. Wako hauna hata moja."

Tangu siku hiyo kila Ijumaa nikirudi nilimkuta kwenye ngazi, miguu imo kwenye beseni kwa sababu ilikuwa inavimba na kuwasha, na kabla sijavua mkoba ananiuliza, "Wangapi wameamka?" Nikimtajia anapiga makofi. Aliwasimulia majirani kwamba ana wajukuu wa chupani, wasiolia na wasiotaka pesa ya peremende. Hesabu ya chupa ya friji ilikuwa karibu haishuki. Ya kabatini ilikuwa inapungua, lakini bado walikuwa wengi. Kaka, nilianza kupenda kutembea kutoka chuoni. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho mtu alikuwa anakisubiri.

Kisha likaja bamvua lile mlilolisikia. Maji yaliingia alfajiri kutoka upande wa bahari kuu, yakapita uani, yakabeba ndoo na kandambili na nguruwe wa jirani. Yalipoondoka, mawe ya shimo yalikuwa yametawanyika na ndani mmejaa maji. Bibi alipiga magoti, akazamisha mkono, akaonja, akatema. Hakulia. Alilifunika tena kwa majani mapya, taratibu, kona kwa kona, kama anavyofunikwa mtu. Alipoinuka akaniambia, "Basi wamebaki wa chupani." Msimu ulikuwa bado, hata shelisheli moja la kuanzia lilikuwa halijapatikana. Ijumaa zilizofuata aliuliza swali lake vilevile, ila makofi yalikwisha.

Sasa nifike kwa Leroij Bolmeia. Chuo kilimwalika, yeye kama mkuu wa ardhi nyingi, ikiwemo ile yetu ya Arno, aje aone kazi za wanafunzi. Alikuja na wajukuu zake na feni yake ya mkononi. Mwalimu aliniambia mimi nishike chupa ya friji na kumwonyesha, kwa sababu bwiro ilitoka kwetu. Nilimwambia kwa sauti ya mbu kwamba hizi ni kama mbegu za bwiro. Akaichukua, akaiinua dirishani. Jasho la baridi lilikuwa linateleza kwenye kioo na punje zinang'aa. Akasema, "Lo! Hivi vitu ni vizuri. Mimi kitu kizuri hivi sijapata kukiona."

Unajua mwenyewe, Kaka. Kwetu kusifu ni kuomba, na akisifu Leroij, ameshaomba kwa mikono yote. Kichwa changu kilikuwa bado kinatafuta la kufanya, lakini mikono ilikuwa imeshalelewa siku nyingi. Nikainama nikasema, "Ni zako, Leroij." Yalikuwa maneno marefu kuliko yote niliyosema siku hiyo. Mwalimu Kilon alifumba macho. Hawaii kote alikosoma hakukumsaidia. Leroij akaitia mkobani, akanishika kidevu, akasema nimelelewa vizuri.

Alipotoka tu, Jemi akaanza: "Hertina mkarimu! Mpe na darubini! Akisifia jengo je, tutasomea wapi?" Nilijificha nyuma ya kabati la joto. Mwalimu akaja akaniambia na yeye angetoa, asingekuwa na la kufanya. Akavuta pumzi. "Ila mimi ningemwonyesha ile ya kabatini."

Nilimwambia Bibi jioni hiyo. Akasema nimefanya vizuri, kitu kikishaingia mkononi mwa Leroij hakirudishwi. Akauliza, "Si ile nyingine ipo?" Nikasema ipo. Akaguna: "Atazifanyia nini, lakini? Mwanamke ambaye bwiro yake inanuka kandambili zilizoloa." Ni kweli Bibi na Leroij wamekaa miaka mingi kila mmoja akidharau shimo la mwenzake. Kwa Bibi, shimo la kule Laura anakokaa Leroij ni shimo la watu wavivu wasiobadilisha majani.

Mashelisheli yakaanza kujaa mitini. Ikafika Ijumaa ya mwisho ya sharti letu. Bibi aliniuliza swali lake pale kwenye ngazi, nikamjibu, na kabla sijaingia ndani alikuwa ameshamwita Mama Mdogo atafute tiketi. Mama Mdogo alipiga yowe majirani wakadhani kuna msiba. Kina mama wa kanisa wakarudi na maandazi, safari hii wakatuachia.

Hayo ndiyo yanayojulikana, na ndiyo atakayokusimulia Bibi. Yaliyobaki hayajui mtu wa nyumba hii isipokuwa mimi.

Ijumaa ile nilifungua kabati la joto nikatoa sahani, nikadhani nimekosea rafu. Zilikuwa safi. Kaka, safi kama dirisha lililofutwa. Nikamwita Mwalimu. Akachukua punje nyingine, akaziyeyusha, akazitazama kwenye darubini, akanitazama mimi. Alisema tutapanda tena kwa uhakika, bila kuzimua, lakini anachokiona hakimpi matumaini, wamekwisha. Joto la kabatini limewamaliza wote kwa pamoja, kama lilikuwa linawasubiri. Aliandika sifuri. Akaniambia kwa upole kwamba sifuri nayo ni jibu, tulitaka kujua kama watavumilia joto na sasa tunajua. Kwake yeye lilikuwa jibu. Kwangu mimi ilikuwa miguu ya Bibi.

Nilitembea polepole kuliko siku zote. Nilikuwa nimeamua kusema kweli, nilikuwa nimeipanga midomoni. Nikamkuta kwenye ngazi. Miguu yake siku hiyo ilikuwa imevimba mpaka vidole vimezama, na ngozi ya mkono ameikuna mpaka imechubuka. Akauliza, "Wangapi wameamka?" Nami, ambaye nashindwa hata kumwambia dereva wa teksi nashuka wapi, nikajibu bila kukwama, "Wengi, Bibi. Hawahesabiki." Akanivuta akaweka paji la uso wake kwenye paji langu. Akasema, "Basi twende."

Sikulala na uongo ule bila kuutafutia pa kusimama. Asubuhi yake, Jumamosi, nilipanda gari mpaka Laura, kwa Leroij Bolmeia. Kuomba kitu nilichokwisha kutoa nisingethubutu. Lakini njiani niliwaza: akisifu yeye nampa, nikisifu mimi je? Msichana wa umri wangu kusifu kitu ndani ya nyumba ya Leroij ni kukosa adabu kukubwa. Nilikuwa nalijua hilo, na sikushuka.

Alinipokea barazani. Nikampa nanasi nililobeba, nikaketi chini, nikatafuta chupa kwa macho. Ilikuwa dirishani. Nikasema, "Chupa ile ni nzuri sana, Leroij." Nadhani hata kuku walisimama. Alinitazama, akainuka, akaichukua, akaniwekea mapajani. Ilikuwa imejaa mafuta ya nywele.

Machozi yakaanza. Akauliza ninalia nini, mafuta yenyewe ni mazuri. Ndipo nikaambulia kuuliza zile punje ziko wapi. Akasema si nilimwambia ni mbegu za bwiro? Basi alizimwaga kwenye shimo lake siku ile ile, mbegu ukae nayo dirishani ya nini? Nikatazama kule nyuma ya nyumba, mawe yake yamepangwa, ardhi ya Laura iko juu, maji hayakufika. Nikajisikia nasema, "Shimo lako linanukia vizuri, Leroij."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mtoto huyu amekuja kunifilisi!" Akaita wajukuu zake waje wanione. Kisha akaacha kucheka, akaniketisha karibu, na nikamwambia yote, Kaka, miguu na sahani na uongo. Alisikiliza akijipepea. Akasema, "Bibi yako anasema bwiro yangu inanuka kandambili." Nikaangalia chini. "Nimesikia siku nyingi. Kisiwa chetu ni chembamba, maneno hayana pa kuzungukia." Lakini aliinuka mwenyewe, kwa umri ule, akasogeza mawe, akachimba kwa mkono, akanifungia bwiro kwenye majani mawili yaliyopishana. Akasema nimwambie Limaro asafiri salama. Salamu hizo sijazifikisha. Ningesema nimezitoa wapi?

Jumatatu nilimpelekea Mwalimu, nikamweleza ukweli. Tulitengeneza punje mpya, tukazikausha, tukazipanda, na Ijumaa sahani zilijaa vidoa mpaka vimegusana. Nikamuuliza ni wa nani hao, wetu au wa Leroij. Akasema pengine wamechanganyika, na pengine wenyeji wa shimo wamewashinda wageni. Kwa kuwatazama haiwezekani kujua, vyombo vya kupima hilo hatuna. Kwenye sahani wote ni weupe. Aliandika kwenye chupa, "Shimo la Laura," akaniambia yeye anaandika anachokijua, nitakachomwambia bibi yangu ni juu yangu. Karatasi ile nimeibandua kabla sijaifikisha nyumbani.

Hiyo ndiyo chupa aliyokuletea.

Nilikusudia kukuomba ufiche. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima, kwamba mkimpatia yale mashelisheli ya kugandishwa unayosema yanauzwa huko, akande kwenye ndoo, na ikitoka na harufu nyingine useme ni maji ya Marekani. Leo asubuhi nimemkuta ameishika chupa mapajani anaisemesha. Anaiambia isiogope ndege, itatikisika kidogo kisha itatulia. Anaiita Mama. Nikaenda nyuma ya jiko nikauchana ule ukurasa.

Utasema kwa nini basi nisimwambie sasa hivi, yuko chumba cha pili. Nikimwambia hapa hapandi. Namjua, na wewe unamjua. Nimeamua ayasikie akiwa karibu na mashine. Sijui kama huo ni ujanja au ni woga, labda ni vyote. Mpeleke kwanza hospitali, damu yake ianze kusafishwa. Akirudi, akishakula, mpe kiti kizuri umsomee barua hii yote kwa sauti, tangu salamu, usiruke kitu hata pale nilipomsema. Yanayofuata hapa ni yake, si yako.

Bibi, ni mimi Hertina. Ijumaa ile uliniuliza wangapi wameamka. Hakuna, Bibi. Hata mmoja. Nilikudanganya ukiwa umenishika uso. Chupani mna bwiro ya Leroij Bolmeia, ambaye anakutakia safari njema. Wako pengine wamo na pengine hawamo, na hilo hakuna wa kukuapia, mimi nisiape tena kabisa. Ulisema wakifa tukuache. Nilikusikia vizuri. Sikuweza. Ulisema shimo si lako. Na wewe pia, Bibi, si wako peke yako. Ukitaka kurudi, sema, nitakuja kukupokea uwanjani na hasira zako zote nitazibeba pamoja na mizigo. Lakini nakuomba ukae. Nakusifu, Bibi. Wewe ni mzuri. Sijapata kuona kitu kizuri hivi.

Kaka, Mama Mdogo anakusalimu na anataka picha ya mtoto akiwa amevaa ile kofia. Mwalimu Kilon anakusalimu ingawa hamjuani. Mbusu mwanao, msalimie Wifi, na mfunike Bibi vizuri usiku, miguu hasa. Mungu awe kati yenu na baridi.

Ni mimi mdogo wako,

Hertina